Saini ya Mwosha Maiti

Ukitaka kumjua Mwinshehe Pazi usimuulize mwenyewe. Waulize wajane wawili wa yule marehemu mwenye mabasi, waliompelekea kilo tano za sukari siku ya pili ya mazishi. Walitaka kujua jambo moja tu: mume wao alikutwa na hirizi kiunoni, au hakukutwa nayo? Kila mmoja alikuwa anamshuku mwenzake. Mwinshehe aliipokea sukari, akashukuru, akawapikia chai kwa sukari hiyo hiyo, kisha akawaambia, "Marehemu alikuwa mwepesi kuosha." Wakanywa wakaondoka. Hadi leo wao hawajui, na sie majirani hatujui, na sukari iliisha zamani.

Mkono wake uendao kinywani ni wa cherehani. Iko barazani kwake, Charambe, na hapo anatia viraka sare za shule na kupunguza suruali za mitumba. Lakini heshima yake inatoka kwenye kuosha maiti. Miaka thelathini na moja sasa. Kwa baba yake alirithi mkoba wenye mkasi wa kukatia sanda, pamba na kafuri, na alirithi neno moja: unachokiona juu ya kitanda cha kuoshea kinakwenda na maji kwenye ufuo. Ufuo ni lile shimo linalochimbwa uani kupokea maji ya maiti, na likishafukiwa hakuna mwenye akili anayelifukua. Juu ya neno hilo Mwinshehe alikuwa na hadithi ya Mtume aliyoipenda kupita zote, kwamba anayemwosha maiti akamsitiri, Mungu humsamehe mara arobaini. Tulikuwa tunamtania kwamba kwa misamaha aliyonayo angeweza kutugawia mtaa mzima na bado akabakiwa.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye waliyemtaka. Wangemtafuta mropokaji isingewafaa kitu.

Mambo yalianza mwaka ule mitandao ilipozimwa siku sita. Tukaambiwa ni hitilafu ya mkongo huko chini ya bahari, mafundi wako kazini, tuwe na subira. Mwalimu Adelard, Mhaya mstaafu anayepanga nyumba ya pili kutoka kwa Mwinshehe, alikuwa haamini karatasi yoyote yenye nembo juu yake. Aliisoma taarifa ile kwa sauti pale barazani, akavua miwani. "Hii hitilafu imesoma shule," akasema. "Mitandao ya kutuma pesa inaiacha, ya kutuma sauti inaikamata." Watu wakacheka, kile kicheko cha watu waliozoea kudanganywa.

Kule kituo cha Rangi Tatu kulikuwa na fundi simu anaitwa Suhaib, mtoto wa pekee wa Mwajabu, yule mama wa vitumbua wa karibu na msikiti. Miaka ishirini na sita, mwembamba, mkimya, mwenye meza ya kioo na bisibisi ndogo kama sindano. Siku zile sita kila aliyemfikia alimwekea VPN kwenye simu, kile kiprogramu cha kupita uchochoroni wakati barabara kuu imefungwa. Mwinshehe naye alikwenda. Binti yake Nusaiba yuko Maskati, anafanya kazi za ndani, hati yake ya kusafiria imefungiwa kabatini kwa tajiri wake, na mzee alikuwa hajaisikia sauti yake tangu mitandao ikatike. Suhaib alihangaika na ile simu kwa nusu saa. Ilipoita na Nusaiba akapokea, neno la kwanza lilikuwa kwamba ameungua mguu na mafuta ya moto, na hajamwambia mtu. Mwinshehe alilia pale pale mezani, mbele ya wateja.

"Nikupe nini, mwanangu?" alimuuliza Suhaib.

"Mie sikutozi, mzee. Ongea na mwanao."

Mitandao iliporudi, Suhaib akaweka sauti kwenye kundi la mafundi simu wenzake. Haikuzidi dakika mbili. "Jamani, wamesema mkongo umepona. Mie ombi langu moja tu, watuonyeshe fundi aliyeutengeneza. Mie ni fundi mwenzake, nataka nimpe hongera, nimuulize alitumia bisibisi namba ngapi." Basi. Hakutukana mtu, hakutaja cheo cha mtu. Sauti ikatoka kwa mafundi ikaingia kwa makonda, ikaingia kwenye makundi ya harusi na ya vikoba, ikavuka mpaka Mwenge, Madale na Pugu, na kila ilipofika watu walishika mbavu. Ndipo ilipokuwa kosa. Kuna watu ukiwatukana watakusamehe, ila ukiwafanya watu wawacheke, hapo umejichongea.

Siku ya tano walikuja na gari jeupe, wakamchukua mezani bisibisi ikiwa mkononi. Mwajabu alizunguka vituo siku tisa. Kila alipofika aliambiwa huyu kwetu hayupo, jaribu kwingine. Siku ya kumi, saa mbili asubuhi, gari lile lile lilisimama mlangoni kwake, na Suhaib alikuwa nyuma, amefunikwa.

Maelezo yalikuja yameshaandikwa. Alizama. Alikwenda kuogelea peke yake upande wa Kigamboni, akazidiwa na maji, akaokotwa na wasamaria. Mwajabu aliisikiliza karatasi ile mpaka mwisho, halafu akasema jambo moja, kwa sauti ya chini. "Mwanangu, kila sikukuu ya Iddi Mosi, wenzake wakiingia baharini yeye anabakiaga juu kulinda nguo na simu zao." Msomaji wa karatasi akaikunja, akasema pole, mama.

Mwinshehe aliitwa mbio. Aliacha nguo ya mtu kwenye cherehani, akaacha na miwani yake juu ya nguo hiyo, akabeba mkoba. Alipofika, ufuo ulikuwa umechimbwa na mashuka yamezungushwa uani. Mjomba wa marehemu na vijana wawili wa msikitini walikuwa wamekunja mikono ya kanzu tayari kumsaidia. Wakazuiwa. Mmoja wa wale mabwana waliokuja na gari, kijana wa shati la mistari, alieleza kwa upole kwamba maiti imekaa majini muda mrefu, kuna hatari ya maradhi, kwa hiyo aingie mmoja tu mwenye uzoefu. Na simu zote ziwekwe kwenye ndoo. Watu wakaweka. Ndani ya ndoo simu ya mtu ikaita, ikaita tena, ikanyamaza.

"Na maji nani atanimiminia?" Mwinshehe akauliza, maana kazi ile mtu mmoja haiwezi.

"Shikamoo, mzee," akasema yule kijana, akikunja mikono ya shati lake. "Nitamimina mie."

Mwinshehe alizoea watu waliozama. Maji ya chumvi humwachia mtu alama zake, na mchanga hujificha sehemu anazozijua. Kwa Suhaib hakukuta hata chembe ya mchanga. Masikioni na mizizini mwa nywele alikuta udongo mwekundu, udongo wa bara, uliokauka. Kwenye vifundo vya mikono, yote miwili, kulikuwa na mfereji ulioingia ndani ya nyama. Nyayo zilikuwa zimevimba, zimepasuka. Alipomgeuza kwa ubavu, akauona mgongo, na hapo mkono wake ukasimama. Uso waliuacha. Uso wa Suhaib ulikuwa mzima, umetulia, na walikuwa wameuacha makusudi kwa sababu ndio ambao mama yake angeonyeshwa.

"Endelea, mzee," kijana akasema, akiinamisha jagi. "Msafishe vizuri."

Akaendelea. Maji yakashuka mekundu kwenye ufuo. Sasa sikiliza, maana hili ndilo linaloniuma kuliko yote: saa ile Mwinshehe hakuogopa. Angeogopa tungemwelewa, nani haogopi. Yeye aliona mambo yale kwa jicho lile lile aliloonea hirizi na makovu ya watu kwa miaka thelathini na moja. Akajiambia, ndiyo kazi yangu, sitara. Akamwosha mara tatu, akamtia kafuri, akamfunga sanda kwa mikono mizuri, na alipotoka akawaambia wafiwa maneno yake ya siku zote, kwamba marehemu alikuwa mwepesi kuosha. Mwajabu alimtazama usoni kwa muda mrefu.

Kabla hajafika bombani kunawa, kijana wa shati la mistari alimletea karatasi. "Utaratibu tu, mzee. Kwamba umemwosha kwa mujibu wa dini." Mwinshehe alipapasa mfuko wa kanzu, miwani haipo. Kijana akamsomea: mimi Mwinshehe Pazi, mwosha maiti, nathibitisha kwamba nimemwosha marehemu kwa mujibu wa dini yangu. Akaishia hapo. Na mzee wetu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuombwa saini kwa kazi ile, nafsi ikamtekenya kidogo. Akatia saini, ile ndefu yenye mkia, anayoitia kwenye daftari za harusi.

Siku ya nne baada ya mazishi msemaji wa serikali alitokea kwenye taarifa ya habari. Alisikitika, akatoa pole, akaonya watu wanaochochea mitandaoni. Kisha akainua karatasi. Akasema hata mzee wa kuheshimika aliyeuosha mwili amethibitisha kwa maandishi kwamba haukuwa na jeraha lolote. Kamera ikaisogelea saini, na mkia wake ukaonekana wote.

Mwinshehe alikuwa kwa Mwalimu Adelard, wanatazama wote. Alisimama, akakaa. Mwalimu alivua miwani, akaifuta taratibu. "Mzee," akasema, "mie hawa watu nisingewaamini hata wakiniambia leo ni Jumatano. Lakini hii ni saini yako. Mzee Mwinshehe hasemi uongo juu ya maiti. Basi, kijana alizama." Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Na asubuhi yake mtaa mzima ukasema hivyo hivyo. Taarifa ya msemaji hakuna aliyeinunua, ila saini ya Mwinshehe tuliinunua wote. Mie pia niliinunua, sijitoi.

Mzee alipanga kusema, tumpe haki yake. Usiku ule alikuwa amejaa hasira hata chakula hakikupita, na Nusaiba alipopiga simu akaanza kumweleza. "Mwanangu, kuna jambo limenikaa kooni. Nililoliona kwa yule kijana aliyetuunganisha." Nusaiba akamwambia, baba, usiseme kwenye simu. Mzee akaaga, akakata. Asubuhi, ndiyo kwanza anatia uzi kwenye sindano, simu ikaita kwa namba asiyoijua.

"Shikamoo, mzee. Nusaiba mguu umepona?"

Mguu ule walikuwa wanaujua watu watatu, na mmoja wao alikuwa kaburini.

"Nani mwenzangu?"

"Mie niliyekumiminia maji. Mzee, hilo lililokukaa kooni, limeze. Binti yuko ugenini, hati yake haiko mkononi mwake. Tunamwombea heri." Akakata kwa adabu, baada ya kuaga.

Mwinshehe alikaa na sindano mkononi mpaka adhuhuri. Tangu siku hiyo akawa anaitia simu kwenye pipa la mchele na kulifunika, na akitaka kuzungumza na mkewe hata habari ya chumvi anamvuta jikoni. Tukadhani uzee.

Wiki ya tatu Mwajabu alikuja barazani na kanga ya kukunja pindo. Alikaa kwenye benchi mpaka wateja wote wakaondoka.

"Kaka Mwinshehe, wewe ndiye mtu wa mwisho kumshika mwanangu. Nieleze."

Akamjibu kwa ile hadithi. Anayemwosha maiti akamsitiri, Mungu humsamehe mara arobaini. Aliisema kwa Kiarabu, halafu kwa Kiswahili, macho yake yakiwa kwenye pindo la kanga.

"Naijua hadithi hiyo. Yasitiriwayo ni aibu ya maiti," Mwajabu akasema. "Mwanangu alikuwa na aibu gani? Mie nimemzaa, nimemuogesha, aibu ya mwilini mwake siijui hata moja. Kama wewe umekuta aibu, kaka yangu, si yake. Sasa unamsitiri nani?"

Mwinshehe alikunja pindo, akampa kanga yake, akakataa malipo. Swali lile lilimganda. Akilala lipo, akisujudu lipo. Siku mbili baadaye tulimkuta msikitini amekaa peke yake anajitazama vifundo vya mikono.

Siku ya hitma ya arobaini alivaa kanzu nyeupe, akaiacha simu kwenye pipa la mchele, akaenda. Hitma ikasomwa, pilau ikaliwa, watu wakaanza kutawanyika. Ndipo akamfuata Mwajabu uani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama Suhaib, nina neno lako." Mwajabu akampeleka chumbani kwa marehemu. Meza ya kioo ilikuwa imeletwa humo kutoka Rangi Tatu, na bisibisi zake zimepangwa. Wakakaa mkekani, mlango wazi kidogo kwa ajili ya heshima.

Akamweleza. Udongo mwekundu, vifundo vya mikono, nyayo, mgongo. Akamweleza nani alimimina maji, na miwani, na ile karatasi. Alisema yote bila kupumzika, na alipomaliza alikuwa analia na kifua kimekuwa chepesi, akahisi amefika nyumbani baada ya safari mbaya. Alisubiri Mwajabu alie naye. Mwajabu hakulia. Aliinua upande wa kanga uliokuwa umetandikwa mkekani kati yao, na chini yake palikuwa na simu, kioo kimepasuka, tarakimu zinahesabu sekunde.

"Nimekurekodi," akasema. "Sikukuomba ruhusa, nisamehe. Hii simu alinitengenezeaga mwenyewe." Akabonyeza, tarakimu zikasimama. "Makundi yake yote yamo humu. Nikigusa hapa, kabla ya alasiri Mbagala nzima inajua. Msemaji hana anayemwamini. Mie mama mtu wanasema nimechanganyikiwa. Wewe ndiye wanayekuamini."

"Mama Suhaib."

"Nisikilize. Mwanangu kafa kwa sauti yake. Na ile aliitoa kwa hiari. Sitampeleka mtu huko kwa sauti aliyochukuliwa kwa hila, hata wewe. Ndiyo maana nakuuliza. Sema niguse, niguse."

Nje masufuria yalikuwa yanasuguliwa na majivu. Mwinshehe alimwona Nusaiba jikoni mwa watu, anachechemea. Akayaona mashuka uani kwake mwenyewe, na kijana wa shati la mistari anakunja mikono. Mwosha huoshwa, alikuwa akiwaambiaga vijana wa msikitini kila siku, na hakuwahi kujiuliza maji yake yatamiminwa na nani. Akavitazama vifundo vyake. Kisha akasema, na alisema kwa sauti ambayo Mwajabu alilazimika kuinama kuisikia:

"Nisitiri, dada yangu."

Mwajabu hakushangaa. Hilo ndilo lililomuua mzee zaidi, kwamba hakushangaa. Alishika simu kwa mikono miwili kama watu wasioizoea, akatafuta, akagusa, akamgeuzia kioo aone mwenyewe kwamba hamna kitu. Akajifunga kanga yake vizuri, akasimama.

"Nimekusitiri," akasema. "Mungu na anisamehe mie mara arobaini."

Akatangulia kutoka. Mwinshehe alivaa viatu vyake akamfuata nyuma, na pale mlangoni alimkuta Mwalimu Adelard anaaga, tumbo limejaa pilau, miwani mkononi. Mwalimu alimshika bega mbele ya watu wote. Akamwambia, "Mzee wetu, kama si wewe, mambo ya mitandaoni yangetupoteza." Vijana waliokuwa wanasugua masufuria wakainuka, wakamwamkia shikamoo kwa pamoja. Mwajabu alikuwa hapo hapo, anakunja mkeka.

Akaitikia marahaba.